Fizi zinazotoka damu na sukari isiyoshuka

Kwenye kliniki ya kisukari mgonjwa hutobolewa kidole, hupimwa presha, huambiwa avue viatu akaguliwe nyayo. Kinywa mara nyingi hakiguswi. Kesho yake asubuhi anatema povu la dawa ya meno lenye wekundu, anadhani mswaki ndio mgumu.

Kwamba kisukari huharibu fizi, hilo halibishaniwi tena. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya damu huumia, kinga hulegea, na uvimbe unaoletwa na vijidudu vya ukoga hula mfupa unaoshika jino. Mwaka 1993 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita litokanalo na kisukari.

Ubishi uko upande wa pili: ukitibu fizi, sukari itashuka? Wanaokubali wanasema fizi zilizooza ni kidonda kilicho wazi, na kemikali za uvimbe wake huingia kwenye damu zikaizuia insulini kufanya kazi. Wanaopinga wanakumbusha kwamba sigara, unene na umaskini huweza kuleta maradhi yote mawili kwa mtu mmoja. Tena wana jaribio la Marekani la mwaka 2013, lenye wagonjwa 514: baada ya miezi 6, waliosafishwa fizi hawakuwa na nafuu ya sukari kuliko wenzao, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Mimi jaribio hilo halinitoshi. Baada ya matibabu, meno ya wengi wao yalibaki na ukoga tele. Fizi zenyewe hazikupona vya kutosha. London, mwaka 2018, wagonjwa 264 waligawanywa makundi mawili, na waliosafishwa kwa kina, mara kwa mara, wengine hadi kupasuliwa fizi, walimaliza mwaka kipimo chao cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikiwa chini ya wenzao kwa pointi 0.6 za asilimia. Uchambuzi wa 2022 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 35, ulikuta kipimo hichohicho kimeshuka kwa pointi 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne tangu matibabu.

Ni nafuu ya kweli, lakini haimruhusu mtu kuacha vidonge wala insulini. Na hata kama sukari isingeshuka kabisa, jino la ukubwani likishang'oka halioti tena. Kwa hiyo muuguzi anayekagua nyayo amuulize mgonjwa pia: ukipiga mswaki, unatoka damu? Akijibu ndiyo, aandikiwe kwenda kwa daktari wa meno siku hiyohiyo.