Kupakia wimbo kutoka Lubumbashi: programu imfuate msanii mpaka wapi?

Watunzi wa programu za kugawana muziki na video hawakubaliani kuhusu pa kuanzia. Wapo wanaoanza na msanii mmoja asiye na kampuni, wakapima kwanza mahitaji yake ya kupakia kazi, na wapo wanaoanza na wasikilizaji kwa kuwa ndio wengi. Kwa hali ya Lubumbashi, wale wa kwanza wamepatia jambo moja kubwa, lakini wanalivusha mpaka lisikofaa.

Walilopatia ni upakiaji wenyewe. Wimbo wa dakika nne uliotoka studio kwa muundo wa WAV, katika ubora wa CD, una mega 42 hivi; albamu ya nyimbo 12 za urefu huo hufika mega 500. Mitandao ya simu kwa kawaida hupakia polepole kuliko inavyopakua, na kijana wa Katuba au Kamalondo anayenunua mega kidogo kidogo hulipia hata zile zilizopotea njiani. Umeme ukikatika na ruta ikazimika wakati faili imefika asilimia 90, programu isiyokumbuka kitu humrudisha mwanzo, naye hulipa mara mbili kwa wimbo uleule. Dawa ipo tangu zamani: faili hukatwa vipande, na mtandao ukirudi simu huiuliza seva imekwisha kupokea baiti ngapi, kisha huendelea pale ilipokomea. Itifaki huria ya tus, yaani kanuni za mawasiliano zilizo wazi kwa kila mtu, hufanya hivyo juu ya HTTP ya kawaida, ileile inayotumiwa na tovuti. Nashuku kwamba huachwa kwa sababu anayeijaribu programu huwa ameketi penye umeme na mtandao wa kudumu, kwa hiyo hasara hiyo haimpati.

Upande wa pili husema kwamba haja ya mtu mmoja haiwezi kuwa sheria ya wote, na hoja hiyo si nyepesi. Msanii hutamani WAV yake isikike jinsi ilivyotoka studio, lakini msikilizaji naye hununua mega, na wimbo huohuo katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hauzidi mega 4. Isitoshe, mlango uliorahisishwa kwa mwenye wimbo umerahisishwa pia kwa anayepakia wimbo wa mwingine.

Kwa maoni yangu, msanii asikilizwe kikamilifu katika kupakia, na uamuzi wake ukomee hapo. Faili yake ya asili ihifadhiwe, seva itengeneze nakala nyepesi, na msikilizaji achague kulingana na mfuko wake. Tena simu inaweza kuigeuza WAV kuwa FLAC, muundo wa sauti uliobanwa, kabla ya kuituma. Uzito hupungua karibu nusu bila sauti kupoteza chochote, ijapokuwa betri italipa.

Linalobaki gumu ni gharama ya kuhifadhi hizo faili za asili. Njia moja ya kuilipia ni kukata sehemu ya mauzo: Bandcamp, tovuti ya wasanii kuuzia muziki iliyoanza mwaka 2008, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na mnunuzi hulipa kwa kadi au PayPal. Wengi wa Lubumbashi hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa hiyo mfumo huo, hata ukipakia bila kukwama, unamwacha nje yule msikilizaji wa mtaani ambaye angekuwa mnunuzi wa kwanza.