Tone la Wino Lililoniletea Mbwa

Kwa kuwa mwenzangu wa chumbani ameshaisambaza hadi Tanga picha ya karatasi niliyoiharibu kwa wino, tena kwa maelezo ya uongo kwamba nililia, naona heri niieleze habari yenyewe kwa kinywa changu. Sikulia. Macho yaliniwasha tu.

Mnaonifuatilia mnajua jinsi nilivyokuwa nikijigamba kwamba kati ya kanji, yaani herufi zinazobeba maana, 2,136 zilizomo katika orodha rasmi ya Japani, mimi nimekwisha kuhifadhi 400. Nililolificha ni kwamba nilizihifadhi kwa kubofya simu. Brashi sikuwa nimepata kuishika. Jumamosi, katika darasa la kuandika kwa brashi, tukaambiwa tuandike kwa wino neno taishi, 大志, yaani nia kubwa, neno linaloenziwa sana hapa Sapporo kwa sababu ya usia unaonasibishwa na Mmarekani William Clark alipowaaga wanafunzi wake mwaka 1877.

Herufi ya kwanza, 大, "kubwa", ina mistari mitatu tu, nami niliimaliza vizuri hata nikajiona fundi. Iliyonitia hofu ni ya pili, yenye mistari saba, na herufi ya "moyo" nzima imekaa chini yake. Kwa hofu hiyo nikaichovya brashi tele, na kwa haraka nikasahau kuikamua ukingoni mwa kidau. Mkono ukatoka kulia, ukapita juu ya karatasi, na hapo nikaliona tone. Lilining'inia kwenye ncha ya manyoya, likanenepa taratibu, likarefuka kama embe bivu linaloaga mti, nami nikalitazama kwa utulivu wa mtu asiyejua kuwa anaibiwa. Likatua begani mwa 大, juu, upande wa kulia. (Lingeangukia miguuni, ingesomeka 太, "nene", na unene ningeuvumilia, maana kwetu ni dalili ya neema.) Badala ya kuliacha, nikalifuta kwa kidole, mshazari, kuelekea chini kulia, na hivyo ndivyo hasa, ndugu zangu, mstari wa nne wa 犬 unavyoandikwa.

Mwalimu wetu, bibi mwenye adabu za kale, alitazama karatasi, akageukia theluji dirishani, akabana midomo. Ni mjukuu wake wa miaka saba, kwa kuwa herufi hiyo hufundishwa darasa la kwanza, aliyenyoosha kidole na kusoma kwa sauti ya dalali wa mnadani: "Inu!" Mbwa. Nia ya mbwa.

Yaliyofuata ni mafupi: watu walicheka, mimi nikainama kuomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mwalimu akanichorea lile ua jekundu wanalochorewa watoto waliofanya vizuri, na karatasi ikatundikwa ukutani pamoja na jina langu, lililoandikwa kwa katakana, herufi za sauti za kuandikia majina ya kigeni, zisizo na kosa hata moja. Leo mchana mama amenipigia simu. Ameambiwa nafuga mbwa Japani, naye anataka kujua kama vyombo ninaviosha mara saba, moja kwa udongo.