Mruhusuni mama aingie leba na mwanawe

Jumanne iliyopita kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri nilikuwa nimekaa na mama yangu kwenye benchi la zege nje ya geti la wodi ya wazazi, hospitali gani siitaji, mdogo wangu yuko ndani anazaa mtoto wake wa kwanza. Mama kapakata chupa ya uji wa ulezi, kaizungushia kitenge usipoe, na kila geti likifunguka anasimama. Mlinzi anamwambia mama kaa, bado. Mara ya tano akaacha kukaa, akabaki amesimama tu na chupa yake kifuani. Sauti tunazisikia lakini kwa pale huwezi kujua ni ya nani, mama akawa ananiuliza "huyo ni yeye?" namjibu sio, na mimi mwenyewe sijui.

Asubuhi mdogo wangu akatusimulia. Alifika njia imefunguka sentimita nne, akaambiwa apande kitandani alale chali, na hapo ndo ikawa pake mpaka mwisho. Akishuka atembee anarudishwa. Alipolia akaambiwa lile neno ambalo wanawake wengi waliozaa hapa mjini wanalijua, kwamba wakati unaitafuta mimba mbona hukulia. Saa nane usiku akawekewa dripu ya uchungu bila kuelezwa ni ya nini, uchungu ukaja mfululizo hana hata pa kuvutia pumzi, mwishoni akaongezewa njia, yaani akachanwa kidogo ukeni mtoto apite, akashonwa. Mtoto mzima, yeye mzima, alhamdulillah. Ila alivyomaliza kusimulia akasema "Dada, mimi sizai tena." Ana miaka 24.

Tangu nianze kuwahadithia watu, majibu ninayopata ni mawili tu. Kuna wanaosema ndo maana bora zamani, bibi zetu walizalia nyumbani kwa wakunga wa jadi na hawakuongezewa njia. Na kuna wanaosema angeomba tu operesheni kwenye hospitali ya kulipia, nusu saa kazi imeisha. Wote naona wanaruka palepale panaponiuma.

Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, alizaa mara tisa. Alizaa amepiga magoti, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti, nyuma yake wifi yake anamkanda kiuno na mbele mkunga amekaa kwenye kigoda. Hiyo habari watu wanaipenda sana. Ila katika tisa walioishi ni sita, na mdogo wake bibi alifia kwenye mkeka mlemle, kondo la nyuma limegoma kutoka, damu inakwenda tu, wanaume wameenda kutafuta gari. Sitaki mtu anirudishe huko. Takwimu za taifa za Tanzania za 2015-16 zilikuwa vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000, za 2022 zikaonyesha 104, na wanaozalia vituoni wametoka 63 katika kila 100 wakafika 81. Sindano ya kuzuia damu, dawa ya kifafa cha mimba, chupa ya damu, na kisu pale kinapotakiwa, vitu hivyo vinaokoa watu na hakuna kamba ya boriti inayofanya kazi hiyo. Hizi dawa za mizizi za kuongeza uchungu nazo muache kabisa, kizazi kinapasuka.

Lakini ile kamba na yule wifi. Hapo ndo nataka tukae.

Maana sio mila tu ndo inasema hivyo, hospitali yenyewe kwa vitabu vyake inasema hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo wake wa huduma wakati wa uchungu, ukasema mama aruhusiwe kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, atembee, akae mkao anaoutaka, aheshimiwe na aelezwe anachofanyiwa, na kuongeza njia kusiwe desturi ya kila anayezaa. Kuhusu kuwa na mtu wa kukaa naye mwanzo mpaka mwisho, wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walikusanya tafiti za zaidi ya wanawake 15,000 kutoka nchi 17, wakakuta mama aliyeshikwa mkono anazaa mwenyewe kwa urahisi zaidi, anapasuliwa mara chache zaidi na muda wa uchungu unapungua. Na kutembea au kusimama badala ya kulala, kabla ya kufika kusukuma, kulipunguza uchungu kwa karibu saa moja na dakika ishirini. Saa moja na dakika ishirini jamani! Mwanamke aliyewahi kuwa leba anajua hiyo ni zawadi ya kiasi gani, na haihitaji dripu, inahitaji mtu aruhusiwe kushuka kitandani.

Na hapa kwetu imeshajaribiwa. Kigoma, kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai walifanya mradi kwenye vituo vya serikali, mama akaruhusiwa kuingia na msindikizaji wake, na wanawake wakaufurahia, wahudumu nao wakaona wamepata msaada. Kigoma, sio Ulaya. Kwa hiyo mtu akiniambia haiwezekani kwenye hospitali zetu sina la kumjibu zaidi ya hilo.

Wanachosema siku zote ni faragha, wodi ni moja, vitanda vimebanana, ukimwingiza mama wa huyu utawaaibisha wengine. Hoja ina uzito, siikatai. Ila acha niwaambie nilichokiona mwenyewe. Mtoto wangu wa pili nilimzalia kwenye kituo cha afya kidogo, vitanda viwili chumba kimoja, na mkunga wa zamu alikuwa mama mtu mzima karibu kustaafu. Wifi yangu alisimama mlangoni anaogopa kuingia. Yule mama akavuta kamba ya katani kutoka kwenye nondo ya dirisha mpaka kwenye msumari ukutani, akachukua kanga zangu mbili nilizoenda nazo za kumpokelea mtoto, akazitundika katikati ya vitanda akazibana na vibanio vya nguo. Basi. Akamwambia wifi, "Ingia mwanangu, mshike hapa," akamwonyesha pale chini ya mgongo. Nikapiga magoti kwenye godoro nimeegemea kichwa cha kitanda, kila uchungu ukija wifi anakanda, yule mama anasikiliza moyo wa mtoto na ile pembe yake na anaandika. Hakuniacha nijizalie hovyo, alikuwa anapima kila kitu. Nilipotokwa damu kidogo zaidi ya ilivyotakiwa sindano ilikuwa tayari kwenye trei. Mimi nilipata bibi na hospitali kwa wakati mmoja, na kilichogharimu ni kanga mbili.

Hata hiyo karatasi anayoandika mkunga kufuatilia uchungu unavyokwenda, patogramu, ina historia ambayo naona manesi wengi hawajaambiwa. Mwaka 1955 daktari Friedman wa New York alichora njia inavyofunguka kwa wanawake 500 wa uzazi wa kwanza. Mwaka 1972 Philpott na Castle, wakiwa Salisbury ambayo leo ni Harare, wakaweka mstari wa tahadhari, njia ifunguke angalau sentimita moja kwa saa, na walikuwa wanawafikiria wakunga wa zahanati za mbali, wajue mapema nani apelekwe hospitali kubwa kabla mambo hayajaharibika. Yani kilikuwa kitu cha kumlinda mama aliye mbali. Leo huku mjini ule mstari umekuwa kama saa ya mwajiri, ukichelewa kidogo unawekewa dripu. Mwongozo uleule wa 2018 ulishasema sentimita moja kwa saa ni haraka mno kwa wanawake wengine na isitumike peke yake kumharakisha mtu.

Kuhusu kisu nitasema kidogo. Mwaka 1985 wataalamu walikutana Fortaleza, Brazil, wakasema hakuna sababu ya eneo lolote kuzidi operesheni 10 mpaka 15 kwa kila vizazi 100, na leo hukohuko Brazil zaidi ya nusu ya watoto wanatolewa kwa kisu. Huku kwetu mwenye bima anapasuliwa haraka na wa kijijini anayehitaji kweli anakosa. Na nyie mnaomwambia mwanamke aliyepasuliwa kwamba hajazaa, mnamkosea sana, acheni.

Manesi najua mtanijia juu. Usiku ule mdogo wangu anasema walikuwa wawili kwa wazazi kumi na moja. Nakubali, mtu mmoja hawezi kukanda viuno sita, na serikali iajiri. Ila ndo sababu ya kumwingiza mama yangu! Alikuwa nje pale, mikono yake haina kazi, kazaa watano, anajua kukanda, angempa maji, angewaita damu ikizidi. Na lile neno la kumwambia mtu anayelia halitokani na uhaba wa watu. Kenya mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya, alizaa sakafuni hospitalini mwaka 2013 na akatukanwa na kupigwa kofi. Sitaki twende mpaka mahakamani ndo tuheshimiane.

Saa moja asubuhi tukaruhusiwa kumwona. Mdogo wangu alimwangalia mama kama anashangaa, akauliza "Mmefika saa ngapi?" Nikamwambia hatujaondoka, tulikuwa hapo nje usiku mzima. Akanyamaza, machozi yakaanza kumtoka. Kumbe pale kitandani usiku kucha alikuwa anajua tumesharudi nyumbani kulala. Mama hakusema kitu, alifungua kitenge, akafungua chupa, uji bado unatoa moshi, akamshika kichwa kwa nyuma akamnywesha.