Kikoi ni cha nani?

Juzi barazani hapa Mikindani, baada ya swala ya alasiri, palizuka ubishi. Mmoja alishikilia kwamba kikoi ni vazi la asili la Mswahili, tena jina lenyewe linathibitisha: kikoi, vikoi, kama kisu na visu. Mwenzake akakamata pindo la kikoi cha huyo huyo bwana, akamwonyesha kijikaratasi kilichoshonwa pembeni. Kimefumwa India. "Sasa asili ya wapi, sheikh wangu?"

Hoja ya jina haina mashiko. Neno la kigeni likija linaanza na ki, Kiswahili hulitia kwenye ki na vi bila kuuliza lilikotoka. Kitabu ni Kiarabu, na tunasema vitabu. Leso imetoka kwa Wareno, merikani ikaitwa kwa nchi ilikofumwa, na bibi zetu walizivaa bila wasiwasi.

Lakini aliyeonyesha kijikaratasi naye ameanza hadithi mwishoni. Kilwa Kisiwani, hapo mkoani Lindi, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Na kule Sofala, katika Msumbiji ya leo, iliyokuwa chini ya Kilwa, Mreno Duarte Barbosa aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuwa watu walifuma nguo nyeupe za pamba. Utaalamu wa kutia rangi hawakuwa nao, basi walichukua vitambaa vya rangi vya Cambay, India, wakavifumua, uzi wake wakauchanganya na uzi wao mweupe, wakafuma upya. Hapo mimi huganda. Mtu anakaa kitako kufumua nguo nzima iliyovuka bahari, apate mistari ya buluu kwenye nguo yake! Pamba ya huku, rangi ya ng'ambo, nguo moja. Ukiniuliza ni ya nani, nitasema ya aliyeifuma upya.

Kwa hiyo sikubali kwamba kijikaratasi kinatupokonya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina hilo liwe alama yake ya biashara, likiandikwa "kikoy". Wakenya wakapinga, na kampuni ikaachia. Walikuwa sahihi kabisa. Jina hilo limekaa vinywani mwa watu wa pwani hii, na nguo yenyewe viunoni mwao.

Ila muuzaji anayemwambia mgeni "hiki tumefuma sisi" ananiudhi. Nilichonunua Mtwara mjini nimekigeuza: rangi zimo ndani ya uzi, zinaonekana pande zote mbili, si za kupigwa chapa kama khanga. Kazi safi, na ya mikono ya Mhindi. Wakati huo huo pamba ya Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa, inapanda meli ikiwa haijasokotwa hata uzi mmoja. Ubishi wa barazani ungeanzia hapo, ningekaa hadi magharibi.