Kupita bila kupingwa, mpaka Wales!

Juzi, hapa Wales ninakoishi, nimepokea barua ya kuhakiki taarifa zangu za mpiga kura, Kiwelshi upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, na uchaguzi wa madiwani ni Mei 2027. Nikacheka peke yangu jikoni. Lugha mbili zinaniita kwenye kura ambayo huenda isiwepo!

Maana 2022 nilijiandaa kweli. Mtanzania ni raia wa Jumuiya ya Madola, haki ya kupiga kura hapa ninayo, na kwenye uchaguzi wa madiwani wa Wales hawakudai hata kitambulisho. Nikabadilishana zamu na mwenzangu kule makao ya wazee. Kumbe kata yetu kajitokeza mgombea mmoja tu. Kituo hakikufunguliwa. Diwani kapita bila kupingwa.

Wabongo mnajua kauli hiyo inavyokwaruza sikio. Novemba 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, tulishibishwa nayo: wapinzani wakaenguliwa eti fomu wamekosea, vyama vyao vikajitoa, CCM ikabeba zaidi ya asilimia 99 ya mitaa. Nilipomsimulia jirani yangu, mzee mfuga kondoo, akaisikitikia sana Tanzania. Nikamuuliza, na wewe mzee wangu, mara ya mwisho kumpigia kura diwani ni lini? Akajikuna kichwa.

Haya, hapa hakuna aliyeenguliwa. Kugombea udiwani hulipii dhamana. Na diwani wetu, nisimsingizie, simu anapokea na shimo la barabarani lilizibwa. Lakini viti 74 Wales nzima vilijazwa mwaka ule bila kura hata moja, na mimi nisiite hilo utulivu. Nani agombee? Posho ya msingi ya diwani ilikuwa pauni 16,800 kwa mwaka. Mama mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba apunguze kazi akakae vikaoni mchana kwa hela hiyo? Wanabaki wastaafu na wenye mashamba yao. Vijana wa miaka 16 nao ndiyo kwanza walikuwa wamepewa kura ya madiwani. Karibuni, wanangu, mlango umefungwa.

Na haya yako jirani na mji wa Machynlleth, ambako Owain Glyndŵr, shujaa wa Wales aliyewaasi Waingereza, aliitisha bunge mwaka 1404!

Mzee wa kondoo ananiambia nigombee mwenyewe, sheria inaniruhusu. Nimemjibu nitachukua fomu siku atakayochukua na yeye ya kunipinga.