Nyinyi watengenezaji tamthilia wa kwetu Kenya, hadithi mwaimaliza kwenye promo, sasa sie tukae kuangalia nini?

Juzi binti yangu karudi kutoka skuli na kazi ambayo mwanzo niliona ni mchezo. Huku Uingereza watoto wa sekondari wanaweza kuchukua somo la media, lina mtihani wake kabisa kama hesabu, na mwalimu kawapa trela ya drama ya televisheni, sekunde 30 tu, waitazame mara 10. Mara ya kwanza kawaida, alafu bila sauti, alafu sauti peke yake na kioo kimefunikwa, mwisho waandike kila walichoambiwa na kila walichofichwa. Mie nalikuwa jikoni nageuza mahamri, ikabidi nizime moto nije nikae karibu yake.

Trela yenyewe ni hivi. Mwanamke yuko jikoni kwake usiku, birika la umeme lachemka, hakuna muziki hata chembe, ni ule mvumo wa maji tu. Mezani kuna simu imelazwa kifudifudi. Simu yatetemeka, yasogea kidogo juu ya meza, yeye yuwaiangalia tu, haishiki. Kamera yamwendea usoni polepole mpaka ukaliona koo likimeza mate. Juu ya ngazi mtoto yuwaita, "Mama, ni nani?" Basi. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe, Jumapili saa tatu usiku, na kwenye ule weusi ukasikia birika likijizima, tak.

Wallahi nilisisimka. Mwanangu yuwaniuliza, "Mama, simu kwa nini imelazwa kifudifudi?" nami nikamjibu mbio kama ndio mimi mwenye mtihani, manake hataki mtu aone nani yuwapiga, na kama mtoto yuwauliza ni nani, basi huyo mpigaji kashapiga siku nyingine. Yote hayo hakuna aliyetamka. Tumeyapata kwa simu iliyogeuzwa, birika na koo. Jumapili nilikuwa na zamu kazini, nikambembeleza mwenzangu tubadilishane.

Sasa usiku ule ule, khalati yangu, dadake mama, wa Majengo kule Mombasa, kanitumia kwenye WhatsApp promo ya tamthilia ya huko nyumbani. Sitaitaja jina wala stesheni, sikuja hapa kumharibia mtu riziki. Ni sekunde 50 hivi. Imeanza na harusi, bibi harusi mzuri mashallah, dakika si dakika bwana harusi yuko na mwanamke mwengine kwenye gari, alafu kofi, alafu mama mtu kaanguka, alafu daktari yuwasema mimba ya miezi mitatu, na muziki wapigwa juu kutoka sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho utafikiri feri yazama pale Likoni. Alafu yaja ile sauti nzito, "Je, atajua siri ya mumewe?" na kabla sauti haijamaliza kuuliza, bibi harusi huyo hapo kasimama mlangoni yuwapiga kelele, "Nimejua kila kitu!"

Sasa jamani mimi nikae kuangalia nini? Mmeniuliza swali na mmenijibu nyinyi wenyewe, harusi mmeifunga na mmeivunja, mtoto mmemtunga na baba yake nshamjua, na mimi bado sijaketi.

Najua mtakavyosema. Nishawasikia kabla hamjaandika. "Huyu kaenda Ulaya juzi tu yuwatufunza kupiga picha." "Mwacha asili ni mtumwa." Haya. Mimi niliondoka Mombasa 2011, nalea wazee wa watu usiku ili ada za wadogo zangu zilipwe, sina hata nafasi ya kujiona. Na kama ningekuwa nadharau vya kwetu nisingekuwa naangalia vya kwetu. Naangalia kuliko nyinyi mlioko hapo! Mwaka 2022 tamthilia ya Sultana ilipoingia Citizen TV, msichana kipofu, mambo ya Pwani, nilikuwa naiwekea saa, nashuka zamu asubuhi naangalia kwenye basi na macho yanafumba. Mwajua vile tulikulia sisi, mtu wa Pwani kwenye TV ni wa kuchekwa, mvivu, yuwavuta maneno, au ni jini. Alafu wakatokea Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mke na mume, na kampuni yao ya Jiffy Pictures, Maria 2019, kisha Zora, kisha hiyo Sultana, nchi nzima bara na pwani yakaa jioni kungoja Kiswahili. Mimi najivunia hilo mpaka leo na nawasimulia wenzangu kazini hata kama hawaelewi. Ndio manake nakasirika. Chakula kizuri hakipakuliwi mlangoni.

Na kitu chenyewe kinachoniuma zaidi si kwamba Waingereza wametushinda ufundi, la. Ni kwamba huo ufundi ni wetu. Kwenye daftari la mwanangu kuna Mfaransa, Roland Barthes, mwaka 1970 aliandika kwamba hadithi humvuta mtu kwa fumbo, yaani swali linawekwa na jibu linacheleweshwa. Mwanangu alinisomea kwa heshima kubwa. Nikamwambia mwanangu, bibi yangu hakusoma kitabu hicho lakini alikuwa akisema "Paukwa", tukijibu "Pakawa", na alikuwa akifika pale zimwi lagonga mlango yuwasema mafuta ya taa yamepungua, laleni. Tutalala wapi! Usiku mzima twabishana gizani nani kafungua mlango.

Na kanga je? Nimemtolea mwanangu kanga yangu ya Biashara Street nikamtandikia kitandani nikamwonyesha, hii pindo, huu mji, hili hapa jina. Jina lasema "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Sasa mama mmoja avae hii apite kichochoroni saa kumi, asiseme neno, asimwangalie mtu, apite tu kwenda kununua mbaazi. Mtaa mzima utauliza, kaambiwa nini? Na nani? Kuna mmoja ataingia ndani afunge dirisha na hapo wote watajua ni nani. Hiyo si trela? Nusu ya maneno, mtu hakutajwa, na wasikilizaji ndio wamalizie wenyewe. Mwanangu kaandika hiyo kwenye kazi yake, na mwalimu kaweka alama ya nyota pembeni na swali, kanga yapatikana wapi.

Watu waliozaliwa ndani ya mafumbo, watu wa vitendawili na taarabu, ambao mtu aweza kutukanwa harusini na yuwapiga makofi asijue mpaka afike kwake, watu hao ndio leo promo yao yahitaji sauti ya kumweleza mtazamaji kwamba huyu yuwalia kwa sababu ana huzuni. Hapana bwana. Hapo sikubali.

Kuna yule atakayesema bajeti. Hili hunikera kuliko yote. Kwani kunyamaza kwauzwa shilingi ngapi? Ile trela ya birika ina mtu mmoja, jiko moja, simu moja. Ile promo ya nyumbani ina ukumbi wa harusi, gari, hospitali, daktari, watu arubaini wamevaa nguo za kukodi. Nani katumia pesa hapo? Kukata picha mapema ni bure. Kuacha sekunde tatu bila muziki ni bure, tena yule mpiga kinanda mwampumzisha.

Mwengine atasema, wewe hujui kazi ya stesheni, na huyu namsikiliza manake ana hoja. Drama za huku nyingi ni sehemu sita, kila wiki moja, na BBC haina matangazo ya biashara, twalipa leseni ya televisheni, mwaka 2025 ilikuwa paundi 174.50 kwa nyumba, kwa hivo katikati ya vipindi wana nafasi ya kuweka trela ile ile wiki mbili tatu mpaka ikukae kichwani. Kwetu tamthilia ni kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, promo ya leo kesho ishakufa, na yagombania jicho na kila kitu kilichoko kwenye simu. Tena kuna stima. Jana stima imepotea, juzi tokeni zimeisha, mtu ataka promo imwambie alipoachwa asije akaaibika kwa jirani. Nakubali, promo ya kwetu yafanya kazi mbili, yakumbusha na yaita. Basi kumbusheni ya jana! Ya jana yamwageni yote, na kofi mkitaka mlirudie mara mbili. Ya leo niachieni mlangoni.

Na wale wa "sisi ndio twapenda hivyo", hapana, msimsemee khalati yangu. Nimempigia. Nimemuuliza, khalati, ile promo ulipoiona, jioni ulikaa kuangalia? Kasema, "Nilikuwa naosha vyombo, nimesikia tu, si nishajua yule mwanamume kashikwa." Mwaona? Kaosha vyombo. Mtu ambaye zamani tukienda kwake wakati wa tamthilia hatupewi hata maji mpaka iishe.

Sasa nisiwadanganye kwamba huku ni pepo. Trela za huku zina uongo wake mwingi tu. Kuna Mrusi mtengeneza filamu, Kuleshov, yasimuliwa alichukua uso mmoja wa mwigizaji, uso ule ule haujabadilika, akauunga na sahani ya supu, kisha jeneza, watu wakasifu, lo, jinsi alivyoigiza njaa, jinsi alivyoigiza huzuni! Ilikuwa miaka ya 1920 huko na hawa wa leo ndio mchezo wao, wachukua mtu kashtuka sehemu ya kwanza kwa sababu maziwa yamefurika, wamuunga na bunduki ya sehemu ya tano, wakaa Jumapili wangojea bunduki, wapata maziwa. Nimetegwa hivyo si mara moja. Na rangi zao ni zile zile, kijivu na buluu, mvua, msitu, polisi wa kike mwenye koti refu, na ukiona msichana anakimbia peke yake mwanzo wa trela basi jua huyo hamalizi sehemu ya kwanza. Hawajui kicheko. Trela nzima hakuna hata mtu mmoja aliyeshiba.

Na kuna hili, ambalo kila nikiliandika nalifuta. Ile Jumapili niliyobadilisha zamu, nilikaa kwenye kochi na mwanangu, taa tumezima, kimya. Drama ikaisha. Nikataka kusema na mtu. Ukuta wa pili kuna jirani wa miaka saba sasa, najua alikuwa anaangalia manake nilisikia lile birika kwenye TV yake ukutani, sauti ile ile nusu sekunde nyuma ya TV yangu. Lakini mtu hagongi mlango huku kuuliza kwani yule aliyepiga simu umemuonaje. Pale Majengo promo ikipita tu, ukumbi una maneno, wa chini anamtukana bwana harusi, wa juu anamtetea, mtoto katumwa mabuyu hataki kwenda. Sie tuna watazamaji ambao hawa watengenezaji wa huku wangeuza figo kuwapata. Watu wenye ndimi namna hii, alafu mwawamalizia maneno kabla hawajafungua mdomo!

Sitaki mwige jiko la Mzungu na birika lake. Jiko la kwetu lina sauti zake. Mbuzi ya kukunia nazi, huo mkwaruzo peke yake, uanze haraka kisha usimame ghafla, kila mwanamke wa Pwani atainua kichwa. Adhana ya magharibi na mtu hajarudi nyumbani. Viatu viwili mlangoni ambavyo si vya mwenye nyumba. Mwaka 2022 Netflix walileta Country Queen, tamthilia yao ya kwanza kutoka Kenya, vijana wetu wako kwenye kazi hizo, kamera wanazo, macho wanayo, ni mtu wa kuwaambia tu kata hapo, usiongeze.

Mwishoe nikamwambia mwanangu hebu ishike hiyo promo ya khalati uifanye wewe. Kakaa nayo na simu yake kama saa moja. Katoa muziki. Katoa ile sauti nzito. Harusi kaibakisha sekunde nne, kelele za vigelegele, alafu kakata ghafla kwenda kwa mama mtu, kabla hajaanguka, yuko peke yake chumbani, kuna picha moja hapo hata mimi sikuiona mara ya kwanza, yule mama mkono wake uko kwenye komeo la mlango na ameushika ushungi kwa meno. Kaiacha hapo. Kabisha hodi mwenyewe kwenye meza, mara tatu, karekodi, kaiweka juu. Kioo cheusi. Sekunde 11 yote.

Nikaitupa kwenye gurupu la familia, sikusema kitu. Wa kwanza kupiga alikuwa ami yangu wa Kisauni, ambaye miaka yote yuwasema tamthilia ni mambo ya wanawake, kapiga simu yenyewe, si ujumbe, huku ilikuwa saa nne na nusu usiku na kwao ishapita saa sita.

"Wee mtoto," kaniambia, hata salamu hakuna, "nani yuko nje?"