Ukienda Dubai kwa siku chache, jua ndilo lipange ratiba

Wengi wanaopanga safari fupi ya Dubai huanzia pale pale. Mtu anashika simu, anakusanya vivutio kumi na kitu, anavigawa kwa siku alizonazo, kisha anasaka hoteli ya kifahari kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Kwangu mimi huko ni kuanzia mwisho. Dubai ni mji wa jangwani, hata kama maghorofa yake yanasahaulisha, na jangwani mwenye ratiba ni jua. Ukilikubali hilo mapema, maswali ya hoteli, tiketi na hata saa ya kula yanapungua ugumu.

La kwanza ni mwezi. Kuanzia Novemba hadi Machi mchana huwa wa nyuzijoto 25 hadi 30 hivi, na usiku kule mchangani kunataka jaketi. Usicheke, chukua jaketi. Julai na Agosti joto linavuka nyuzi 40, na unyevu wa Ghuba unaufanya hata usiku uwe mzito. Huo ndio wakati hoteli kubwa zinaposhusha bei na watu wanaona wameokota dodo chini ya mwarobaini. Lakini sheria ya nchi yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu Juni 15 mpaka Septemba 15. Kama serikali imeona mjenzi hafai kuwa nje saa hizo, mtalii anatafuta nini juu ya ngamia? Safari ya Agosti ni safari ya ndani ya majengo. Utateleza kwenye theluji ya Ski Dubai, iliyopo tangu 2005, au utapiga mbizi kwenye bwawa la Deep Dive Dubai lenye kina cha mita 60. Ni starehe, sikatai. Ila jangwa utakuwa umeliona dirishani tu.

Hata ukienda Januari, siku yako ina vipande viwili vyenye thamani: kuanzia alfajiri hadi saa tatu au nne asubuhi, na kuanzia saa kumi jioni kuendelea. Hapo ndipo mchanga una rangi na vivuli, na hapo ndipo upige picha. Katikati ya mchana jua limepanda juu na kila kitu kinakuwa cheupe. Muda huo uache uwe wa kulala, wa bwawa la kuogelea, wa Museum of the Future iliyofunguliwa Februari 2022, au wa maduka makubwa kama ndiyo furaha yako. Mpango unaokupeleka jangwani saa saba mchana ili urudi mjini kuwahi jengo fulani machweo umetengenezwa na mtu anayetazama ramani bila kutazama juu.

Sasa fedha, maana anasa ni fedha, tusizungushane. Maoni yangu ni kwamba kwenye safari fupi hoteli ya mjini haistahili fungu kubwa la bajeti. Utaondoka alfajiri na kurudi usiku. Kitanda kizuri, kiyoyozi kisichopiga kelele na kituo cha Metro karibu vinatosha. Metro yenyewe inafika uwanja wa ndege, kwenye majengo namba 1 na 3, na ina behewa la daraja la juu kwa anayetaka kustarehe hata humo. Kumbuka pia kwamba kila chumba hutozwa ada ya utalii kwa kila usiku, dirham 7 hadi 20 kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi ada hiyo hukutana nayo mapokezi wakati ulishadhani umemaliza kulipa. Kama roho inatamani Burj Al Arab, ile hoteli yenye umbo la tanga iliyofunguliwa 1999, ulizia ziara ya kulipia ya kuizunguka ndani. Ingia, shangaa dhahabu, toka.

Fungu kubwa lipeleke kwenye usiku mmoja jangwani. Mwenye uwezo mkubwa aangalie Al Maha, hoteli ya mahema na mabwawa binafsi iliyoko ndani ya Hifadhi ya Jangwa ya Dubai. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 225, karibu asilimia 5 ya ardhi yote ya emirati ya Dubai, moja ya falme saba za nchi. Bei inatisha, lakini imebeba chakula na shughuli za jangwani. Tena unalipia kitu ambacho mjini hakiuzwi: kuamka ukute choroa weupe wa Arabuni, swala wale wenye pembe ndefu, wanapita mbele ya baraza lako wakitafuta kivuli. Wanyama hao walikwisha kabisa porini mwaka 1972, baada ya wa mwisho kuwindwa Oman. Waliopo leo ni uzao wa wachache waliobaki kwenye mabustani ya wanyama, wakazalishwa na kurudishwa mchangani kidogo kidogo. Asiyefikia bei ile atafute kambi ndogo ya kulala ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Kampuni zinazoruhusiwa kuingia humo ni chache, kwa hiyo hata kwa bei ya kati unapata nafasi ya kusikia upepo.

Nasema hivi kwa sababu ile ziara maarufu ya jioni, ya bei rahisi, inayouzwa kila kona, naiona imechoka. Unachukuliwa hotelini, unaruka matuta kwa gari, ngamia dakika tatu, picha na mwewe, nyama choma, kisha mcheza dansi wa kiuno ambaye asili ya ngoma yake si Emirati hata kidogo. Kambi moja watu mamia. Simlaumu anayeipenda, bei yake inaeleweka. Lakini usiiite safari ya anasa.

Kuruka matuta kwenyewe, hata hivyo, una haki ya kutamani. Kwenye mchanga mwekundu wa Lahbab, kando ya barabara ya kwenda Hatta, dereva husimama lami inapoishia, huchuchumaa kwenye kila tairi na kuutoa upepo mpaka mpira ulale na kutanuka, ili gari lielee juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Halafu anapanda tuta kwa kasi, pua ya gari inatazama mbingu tupu, na kwa nukta moja hakuna anayejua upande wa pili kuna nini. Gari linalala ubavu, mchanga unapiga kioo, mtu wa nyuma anaanza kuomba dua. Ule kidogo kabla ya hapo. Mjamzito au mwenye matatizo ya mgongo asithubutu, hata dereva aape kwamba ataenda polepole.

Anayependa kutulia achague puto la hewa ya moto. Huruka alfajiri tu, kabla ardhi haijapata joto na upepo haujachachamaa, na halirushwi kiangazi. Utaamshwa saa tisa usiku, utalalamika, kisha utanyamaza.

Halafu kuna Jebel Jais, kule emirati ya Ras Al Khaimah: mlima wa mita 1,934, wenye kamba ya kuteleza angani ya kilomita 2.83 ambayo ilipofunguliwa 2018 iliingia kwenye rekodi za dunia kwa urefu. Unalala kifudifudi umefungwa mikanda, kichwa mbele, korongo liko chini. Ni jambo kubwa, lakini kwenda na kurudi kunameza siku nzima. Mwenye siku tatu achague moja, mlima au mchanga. Mimi nachagua mchanga, kwa sababu milima ipo kwingi.

Burj Khalifa? Mita 828, imefunguliwa Januari 2010, na sehemu za kutazamia ziko ghorofa za 124, 125 na 148. Tiketi za wakati wa machweo ni ghali kuliko za saa nyingine, na mara kwa mara vumbi la jangwa limetanda kiasi kwamba unalipia ukungu wa kahawia. Ukitaka kupanda, panda asubuhi. Mimi jengo lile nalipenda zaidi nikiwa chini, usiku, shingo ikiwa imepinda.

Asubuhi ambayo ningemwombea kila msafiri anayesoma Kiswahili ni ya Al Fahidi, mtaa wa zamani ukingoni mwa Khor Dubai, mkono wa bahari unaoingia mjini. Vichochoro ni vyembamba makusudi, ili ukuta mmoja umpe mwenzake kivuli. Juu ya nyumba kuna minara ya upepo, barjeel, iliyo wazi pande nne na kugawanywa ndani kwa kuta zinazokutana katikati: upepo ukipiga upande mmoja unateremshwa chumbani, hewa ya joto inapanda na kutokea upande wa pili. Simama chini yake uinue uso, utausikia hata siku inayoonekana haina upepo. Kisha tazama dari. Zile nguzo nyembamba zilizopangwa sambamba ni boriti za mikoko, na nyumba nyingi za Ghuba ziliezekwa kwa boriti zilizotoka pwani yetu, Lamu na delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini na kupelekwa kaskazini kwa upepo wa kusi. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Ghuba na vya majumba ya Lamu vinafanana wembamba. Kuna watu wanapita mtaa huu kwa dakika kumi wakitafuta mkahawa. Ukitoka hapo, shuka gatini upande abra, ile mashua ya mbao ya kuvukia kwenda Deira, mtaa wa ng'ambo. Nauli ni dirham 1.

Yapo ya kukumbuka yasiyo na raha. Baadhi ya dawa za kawaida za maumivu na kikohozi, hasa zenye kodeini au tramadoli, zinahitaji kibali cha wizara ya afya kabla ya kuingia nazo. Soma lebo kabla ya kufunga sanduku. Kumpiga mtu picha bila ridhaa yake ni kosa, na droni haichezewi bila kibali. Tangu 2022 mapumziko ya wiki ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi nyingi za serikali hufunga mapema kwa ajili ya sala. Ramadhani miaka hii inaangukia ndani ya msimu mzuri, na tofauti na wengi mimi sioni sababu ya kuikwepa: mchana mji unapoa, futari zinashindana kwa ukarimu, usiku hautaki kulala.

Siku ya mwisho ihifadhiwe kwa Deira na soko la dhahabu. Bei ya gramu hufuata soko la siku hiyo na huonyeshwa dukani, hivyo hapo hakuna cha kubishania. Unachopunguziwa ni ujira wa ufundi, na huo ubishanie bila haya. Dirham imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997, kwa hiyo hesabu haikuchezei. Ukinunua cha dirham 250 au zaidi kwenye duka lililojiandikisha, mwambie muuzaji aiingize risiti kwenye mfumo wa kurejeshewa kodi ya asilimia 5, na uonyeshe pasipoti pale pale. Uwanjani pitia kwanza dawati la kodi, ndipo ukabidhi mizigo, maana wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe, na bangili iliyokwisha kupita kwenye mkanda wa mizigo haionyeshwi tena kwa mtu.